Choo cha Bwana Afya

Siku mliyoniaga ofisini mliniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi, yatakayowatia moyo. Ya kutia moyo sina. Kuhusu vyeo, someni faili yangu. Kuhusu mshahara, ni huohuo mnaoulalamikia nyinyi. Nitaandika juu ya kipindupindu, kwa sababu wiki ile ya mwisho nilimwona mmoja wenu akijaza fomu za ukaguzi wa vyoo akiwa ameketi mezani, kikombe cha chai mkononi, akiweka alama ya "safi" kuanzia juu hadi chini kana kwamba anapanda maharagwe. Hakuona haya. Nilikasirika hata mandazi yenu ya kuniaga hayakunishuka, nanyi mkadhani ni uchungu wa kuondoka.

Mimi nilianza kazi Nyeri mjini, miaka michache baada ya uhuru, nikiwa na suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Nilikabidhiwa kwa Bwana Wafula, mtu wa Bungoma, aliyekuwa amekagua mabucha na vyoo tangu enzi za mkoloni. Alikuwa na tochi ya betri tatu aliyoitembeza kila mahali, hata mchana wa jua kali, na watu wa mji walimcheka kwa hilo. Siku ya kwanza alinipeleka Majengo, kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga nyuma ya msikiti. Mwenye ploti alikuja mbio kutufungulia mlango wa choo. Wafula hakumtazama. Alisimama mbali, akaangalia chini, kwenye majani.

"Usianze na choo, kijana," akaniambia. "Anza na njia ya kwenda chooni. Kama nyasi zimeota, hakuna anayepita."

Kisha akaingia, akamulika ndani ya shimo, akachungulia kwa utulivu kama anayesoma gazeti. Nami nikafanya vivyo hivyo huku nimeziba pua. Tulipotoka akaniuliza kama nimeona nzi. Nikasema ni wengi mno, tumpeleke huyu mtu kotini. Wafula akasema tumwambie aweke kifuniko, basi, na tumshukuru Mungu, kwa maana choo kisicho na nzi hakina watu. Niliyashika maneno hayo ili niwachekeshe nayo wenzangu. Niliwachekesha sana. Wafula sikumsikiliza hata kidogo.

Najua mtaniambia siku hizi kuna vyoo vya bomba la hewa ambavyo havina nzi. Vizuri. Mulikeni hivyo pia.

Baada ya muda nikahamishiwa Mwea, nikapewa baiskeli, kitabu cha fomu na tochi mpya ambayo betri zake sikuwahi kuzimaliza. Kwa mtu aliyekulia kwenye baridi ya Nyeri, Wang'uru, mji mdogo wa Mwea, ilikuwa adhabu: jua, mbu, na maji ya mashamba ya mpunga yaliyotapakaa hadi macho yanapoishia. Vijiji vya wakulima vilikuwa vimepangwa kwa mistari, na mfereji ukipita karibu na kila kijiji. Maji ya mfereji ndiyo yaliyokuwa ya mpunga, ya kufua, ya ng'ombe na ya kunywa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hayawi ya kitu kingine.

Sheria ilisema kila boma liwe na choo kimoja. Nami nikaisimamia sheria hiyo kama askari. Kila Jumanne nilipita. Choo kichafu, nilimwandikia mwenye boma faini. Choo safi, kilichofagiliwa, kimenyunyiziwa jivu, mlango umefungwa vizuri, nilikisifu mbele ya majirani. Hatimaye nikaanzisha mashindano. Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja kwa sababu watoto wa pale sasa ni watu wazima, mshindi alikuwa Muriuki, mkulima wa makamo, mwenyekiti wa kamati ya maji. Nilimpa jembe jipya, kipande cha sabuni na cheti chenye sahihi yangu. Choo chake kilinukia mbao mpya. Sikujiuliza hata kidogo kwa nini choo kinukie mbao.

Kisha tukaanza kusikia redioni kwamba kipindupindu kimeingia nchini. Kilikuwa kimetoka mbali ng'ambo, kikivuka nchi baada ya nchi, na sasa kimefika upande wa ziwani. Tukaitisha baraza kwa chifu. Nikawaeleza watu wachemshe maji, wanawe mikono, wasisalimiane kwa mkono, na akifa mtu wasipike chakula matangani. Nilieleza kwa saa nzima juani. Mzee mmoja akasimama akasema yeye amekunywa hii maji tangu mfereji ichimbwe, na kama maji ingeua angekuwa amekufa kitambo. Wakampigia makofi. Mama mmoja akauliza kuni za kuchemsha maji zitatoka wapi, maana Mwea haina msitu. Hilo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo, na mimi nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya kila mtu na boma lake. Jibu la kipumbavu kabisa. Mzee wa kanisa naye akasema kikombe cha Bwana, kinachonywewa na wote, hakiwezi kubeba wadudu. Baraza lilipokwisha, watu walikuja kuniaga mmoja mmoja, na kwa kuwa nilikuwa nimekataza kushikana viganja, kila mmoja alininyoshea kifundo cha mkono nikishike. Nilishika vifundo karibu mia. Ndivyo tunavyosalimiana mikono ikiwa na matope, na walidhani ndivyo nilivyomaanisha.

Wagonjwa wa kwanza waliletwa kwa mkokoteni. Sitawaeleza sana, mmesoma. Nitasema tu kwamba vitabu vinasema mgonjwa wa kipindupindu huharisha kitu kama maji yaliyooshewa mchele, na kule Mwea, ambako kila mama huosha mchele kila siku, hakuna aliyehitaji kitabu. Tulipiga mahema kwenye uwanja wa shule, tukatoboa vitanda katikati, tukatundika chupa za maji ya chumvi kwenye misumari.

Wakubwa walitaka kujua chanzo. Chifu alitaka kujua chanzo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaapa kwenye ripoti tatu kwamba kijiji kina vyoo kwa kila boma, vyote safi, kwa hivyo chanzo kilipaswa kuwa kitu cha kuletwa. Na wakati mtu anatafuta kitu cha kuletwa, humwona mgeni kwanza.

Kando ya kinu cha mpunga palikuwa na hoteli ndogo ya mabati, meza mbili na benchi. Mwenye hoteli alikuwa Mama Atieno, mjane kutoka upande wa ziwani, ambaye mumewe alikuwa polisi pale Wang'uru hadi alipofariki. Aliwauzia wakata mpunga chai na uji alfajiri kabla hawajaingia majini, na wakitoka kazini aliwapa maji ya kunywa bure, mradi wawe wateja. Alikuwa na sufuria kubwa la maji yaliyochemshwa, limefunikwa kwa sinia, na kata yenye mkono mrefu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuishika ila yeye. Alichemshia maji hayo kwa maganda ya mpunga kutoka kinuni, ambayo hakuna mwingine aliyeyataka. Hilo lilikuwa jibu la yule mama wa barazani, limekaa mbele ya macho yangu likitoa moshi, nami sikuliona.

Chifu akanikumbusha kwamba dadake Mama Atieno alikuwa amemtembelea mwezi ule akitoka ziwani. Akasema watu wote wanajua. Nikaenda na fomu yangu. Leseni imeisha muda: alama. Hana choo chake mwenyewe, anatumia cha kinu: alama. Nikakikagua cha kinu, nikakuta nzi hata mlango hauonekani: alama kubwa. Saa tano ya asubuhi, mbele ya wakata mpunga na wanawake wa sokoni, nikabandika karatasi ya kufunga mlangoni mwake. Nikamwaga maji yake chini. Mtu mmoja akapiga makofi, kisha wengi. Mama Atieno alisimama na kata yake mkononi akanitazama.

Baada ya siku nne mahema yalijaa.

Katikati ya hayo, mkata mpunga mmoja aliyeanza kuumwa alikimbilia kwao Naro Moru asije akalazwa kwenye kitanda chenye tundu. Alifia nyumbani. Nilitumwa huko na katoni ya dawa ya maji kuwazuia wasimzike kwa desturi, nikafika wamemwosha, wamemvika suti, na wanawake waliomwosha ndio hao wanaopika githeri ya waombolezaji. Nilipoomba chakula kimwagwe, kakake marehemu aliniambia kwa upole, huku ameshika panga, kwamba mtoto wao hatazikwa kama mbwa kwa sababu serikali inaogopa kuhara. Wakala. Nilisimama pale nikiwatazama wakila. Kabla ya Jumapili ya pili ule mgongo mzima wa kilima ulikuwa na wagonjwa, na yule kakake alikuwa mmoja wao. Alipona. Nilifurahi alipopona, na hadi leo nikimkumbuka natamani kumpiga kofi.

Wafula alishuka kutoka Nyeri kutusaidia, amezeeka, tochi yake ileile imefungwa kwa mpira. Nilimpa ripoti yangu aisome. Pale kwenye chanzo nilikuwa nimeandika kwamba ugonjwa unashukiwa kuletwa na wageni kutoka magharibi, kupitia hoteli ya chai. Akasoma hadi mwisho, akakunja karatasi.

"Mimi pia natoka upande huo," akasema. "Utanifunga lini?"

Nikaanza kumweleza habari ya vyoo vyangu, jinsi vilivyo safi, havina hata nzi mmoja. Kisha akatoka kwenda mahemani, akaniacha nimeshika mashindano yangu.

Siku iliyofuata nilikwenda bomani kwa Muriuki kunyunyiza dawa. Muriuki, mshindi wangu, alikuwa amelazwa hemani tangu usiku. Nilimkuta mamake, bibi kizee aliyekonda, akichambua mchele. Nikiwa pale tumbo likanikata. Jasho likanitoka. Niliogopa, siwafichi, maana nilikuwa nimeona siku zile tumbo la namna hiyo linampeleka mtu wapi. Nikamwomba bibi anisaidie na choo.

Akaacha mchele. Akaingia nyumbani, akatoka. Akainua mawe, akapapasa juu ya mlango, akaingia tena jikoni.

"Ufunguo ako nayo Muriuki," akasema. "Labda ungoje apone."

Nilikuwa nimejikunja kando ya ukuta. Nikamwita cucu, kama nyanya yangu, nikamuuliza, na nyinyi mnaenda wapi?

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua hutokea wapi. Akaelekeza kwa kidevu, huko nyuma ya mpunga, mferejini.

"Hiyo ni choo ya bwana afya," akasema. "Haiguswi. Kila boma iko na yake, na kufuli. Tukiichafua utaandika faini. Na hata kama si faini, mimi niingie pale ametoka bwana ya msichana wangu? Ama bibi ya Muriuki aingie pale babake Muriuki ametoka? Wewe si ni mtoto wa Mugikuyu? Kwani nyumbani kwenu munafanya hivyo?"

Nyumbani kwetu hatufanyi hivyo. Mkwe hatumii choo kimoja na mkwewe, hilo nilijua kabla sijajua kusoma. Mamangu angelala na tumbo lake hadi asubuhi kuliko kuingia pale babu alipotoka. Nilikwenda chuoni nikafundishwa kina cha shimo na upana wa tundu, nikarudi nikawaamuru watu wangu mwenyewe boma zima liwe na choo kimoja, kisha nikawatoza faini wakikitumia. Waliona njia ya kututii sisi na desturi kwa pamoja. Walimjengea bwana afya choo chake, wakakifunga kwa kufuli, wakakifagia kila Jumatatu.

Nilivunja kufuli kwa jiwe. Njia ya kwenda pale ilikuwa imeota nyasi hadi gotini. Ndani, jivu nililolisifu lilikuwa limetandazwa sawasawa, utando wa buibui umefunika tundu, na ukutani kimetundikwa cheti chenye sahihi yangu, ndani ya kioo. Mimi ndiye mtu wa kwanza kukitumia choo kile.

Nilipotoka nilikuwa mzima. Ilikuwa woga tu na chakula kibovu. Bibi alikuwa amerudi kwenye mchele wake. Akaniambia, bila kuniangalia, neno ambalo limenikaa kifuani miaka hii yote.

"Muriuki hakuwa anakunywa hii maji ya hapa. Alikuwa anakunywa kwa ule mama wa kinu, asubuhi na jioni. Tangu ufunge, akaanza kukunywa ya mfereji kama sisi wengine."

Muriuki alikufa kesho yake mchana.

Nilipanda baiskeli kutoka hemani moja kwa moja hadi kwa chifu. Nikamwambia hoteli si chanzo, chanzo ni mfereji, na kwamba makufuli yote yavunjwe na kila boma lichimbe vyoo viwili, cha wazee na cha vijana. Kuhusu vyoo alikubali haraka. Kuvunja makufuli kunaonekana kama kazi. Kuhusu hoteli alikataa. Nikamwomba aitishe baraza niseme kosa langu, akasema hapana. Alisema watu wameshatulia kwa kujua ni nani. Tukiwaambia si yeye, watauliza ni nani sasa, je, ni wewe ama ni mimi? Akasema kama nataka, nimpelekee yule mama barua ya kufungua, kimya kimya.

Nikaandika barua. Nikaipeleka mwenyewe, wakati wa chakula cha mchana, watu wakiwa hawapo. Mama Atieno alikuwa anafunga vyombo vyake kwa kamba. Wasichana wa soko walikuwa hawamsalimii tena, na mtu alikuwa amemwaga kinyesi mlangoni pake, juu ya karatasi yangu. Nikamnyoshea barua. Hakuipokea.

"Ulinifunga mbele ya watu, bwana afya," akasema. "Nifungue mbele ya watu."

Nikamweleza habari ya chifu. Nikamweleza kwamba barua ni halali, ina muhuri. Akasema muhuri hauwezi kunywa chai. Akaendelea kufunga kamba. Nilisimama hapo na barua yangu, kijana mwenye suruali ya kaki, na soko lilikuwa hatua hamsini tu kutoka pale. Ningeweza kwenda kusimama katikati yake na kusema. Hakuna chifu ambaye angenifunga mdomo. Sikwenda. Niliogopa kuchekwa, niliogopa kuhamishwa, niliogopa wale wafiwa. Kesho yake akapanda basi na sufuria lake kubwa, na wakata mpunga wakaendelea kunywa mfereji hadi ugonjwa ulipochoka wenyewe.

Msije mkadhani ugonjwa ulikwisha kwa sababu ya makufuli kuvunjwa. Vyoo viwili viwili vilichimbwa, ndiyo, na kwenye njia zake nyasi zilikufa, na nzi wakaja, nami niliwapenda nzi wale. Lakini hiyo ilikuwa baada ya mazishi. Wafula alistaafu mwaka ule ule. Hakunilaumu tena. Aliniachia tochi yake, na hilo lilikuwa kali kuliko lawama.

Sasa nyinyi mna ugonjwa mwingine, na mabango mengine, na fomu zenye visanduku vingi zaidi. Nawasikia mkilalamika kwamba watu ni wagumu, hawasikii. Watu wanasikia. Walinisikia mimi vizuri sana, wakanipa kilekile nilichokuwa naandika. Kama mnawapa alama kwa kufuli, watawaonyesha kufuli. Ulizeni mwenye boma mkwewe anakwenda wapi. Ulizeni kuni zinatoka wapi. Muulizeni mama wa chai anachemsha kwa kutumia nini. Na mkikosea, msipeleke barua wakati wa chakula cha mchana.

Nilipokabidhi ofisi nilipekua faili za Mwea kwa mara ya mwisho. Ripoti yangu ipo, imepigwa muhuri, haijabadilishwa hata nukta. Chanzo: hoteli ya chai ya mgeni. Miaka yote hiyo ningeweza kuomba irekebishwe na sikuomba, kwa hivyo msiniambie nina moyo mzuri. Sijui Mama Atieno aliishia wapi. Niliulizia kwa polisi wa zamani, niliulizia kwa watu wa kwao waliokuwa Majengo, hakuna aliyejua. Huenda hayupo tena duniani. Lakini nyinyi mpo, na mtasoma haya kwa sauti pale ofisini, mmoja akiwasomea wengine, kama ilivyo desturi yenu kwa barua za wastaafu. Hapo mtakuwa watu wa kutosha.

Hoteli ya Mama Atieno, kando ya kinu cha mpunga, Wang'uru, ilikaguliwa. Maji yalikuwa yamechemshwa na kufunikwa. Choo kilikuwa kinatumika. Ugonjwa haukutoka hapo. Ilifungwa kwa kosa la afisa aliyekagua, na kuanzia leo imefunguliwa. Sahihi ni ileile.